Jiwe la Bismarck tunalijua, Lasker je?

Ndugu Mhariri,

Kwanza poleni na kazi. Gazeti lenu nalisoma kila siku, nikikosa hela nasoma la kuazima pale kwa fundi viatu, na mimi barua huwa siandikagi ila safari hii imebidi. Ile makala yenu ya Jumapili kuhusu majina ya Kijerumani yaliyobaki huku kwetu ilikuwa nzuri, mmeligusa hili jiwe letu la hapa Mwanza, Jiwe la Bismarck, mkagusa na Kasanga kule Ziwa Tanganyika ambako Wajerumani walikuwa wanapaita Bismarckburg, mpaka hapo sina neno. Shida ni ile aya ya mwisho, mwandishi wenu anasema eti enzi zile Mjerumani yeyote alikuwa nyuma ya Bismarck, yule kansela wao, akisema kaa wanakaa, akisema simama wanasimama. Hapana bwana. Kuna mtu alikuwa anaitwa Eduard Lasker, mwanasheria na mbunge, huyo Bismarck alimchukia mpaka akagombana na maiti yake. Na wala sitii chumvi, subirini nifike huko.

Mimi ni mstaafu wa reli, ofisi za mizigo, ujana wangu wote umeishia kwenye hati za mabehewa na mihuri, digrii ya historia sina. Huyu Lasker nimemjua kupitia mtoto wa dada yangu aliyeenda kusoma Berlin. Siku moja akanirushia picha WhatsApp, makaburi ya Wayahudi ya Schönhauser Allee, katikati ya jiji kabisa, miti imefunga na mawe yameota kuvu, na yeye mwenyewe kavaa kakofia maana pale mwanaume haingii kichwa wazi. Chini kaandika, "Mjomba, huyu mzee alikuwa anafukuzana na mafisadi wa reli, nikakukumbuka." Basi toka siku hiyo nikawa namsumbua, akipata kitabu maktaba ananisomea kwenye simu anatafsiri palepale, mimi naandika kwenye daftari. Daftari limejaa, nimeanza la pili.

Lasker alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1829 Jarotschin, mji mdogo kwenye jimbo la Posen, wakati huo ni Prussia, ule ufalme mkubwa wa Wajerumani, leo ni Poland. Familia ya Kiyahudi, watu wa dini kwelikweli, baba mfanyabiashara. Mwaka 1848 Ulaya ilipowaka mapinduzi, kijana wa miaka 19 huyu, akakimbilia Vienna akaingia kikosi cha wanafunzi wakapigana na majeshi ya Kaisari wa Austria mwezi wa 10. Wakapigwa. Akarudi kumalizia sheria yake Breslau na Berlin, alafu akaenda Uingereza akakaa miaka mitatu, maana watu wa mageuzi wa Ujerumani wakati huo bunge waliloliona ni bunge hasa ni la Waingereza, basi na yeye akaenda kujionea.

Alivyorudi akaingia kazi ya mahakama. Sasa Myahudi wa Prussia enzi hizo akisoma sheria mlango alikuwa anafunguliwa, ila ngazi ya kupanda juu haioni. Lasker alikaa miaka na miaka Berlin akiwa asesa, yaani yule aliyefaulu mitihani yote anasubiri cheo, wenzake wanapanda yeye yupo palepale. Mwaka 1870 akaachana nao, akawa wakili. Kwetu ofisini tulikuwa nao wa hivyo, anamfundisha kazi bosi wake mpya kila baada ya miaka mitatu, kwa hiyo niliposikia hilo nilimwelewa mzee haraka sana.

Siasa aliingilia kwenye maandishi. Kati ya 1861 na 1864 aliandika makala kuhusu katiba ya Prussia, watu wakaanza kuulizana huyu ni nani, na 1865 wakamchagua Berlin kuwa mbunge. Na muda aliouingia si mzuri. Bismarck alikuwa ameshika uwaziri mkuu toka Septemba 1862, na kazi aliyopewa ilikuwa moja, bunge limekataa hela za mfalme za kupanua jeshi, sasa yeye atafute njia. Njia aliyoipata ni kukusanya kodi na kutumia bila bajeti iliyopitishwa, na ikaenda hivyo miaka minne. Mwaka huohuo 1865 mbunge mwingine, Karl Twesten, ambaye naye alikuwa hakimu, alisimama bungeni akasema mahakama zinachezewa, akaburuzwa kwenye kesi kwa maneno aliyoyasema ndani ya bunge wakati katiba imeandika kabisa mbunge haguswi kwa anachokisema humo. Lasker hilo jambo alilishikilia miaka, anapeleka hoja, inakwama, anapeleka tena, mpaka kinga ya mbunge ikaandikwa kwenye sheria ya jinai ya Ujerumani nzima mwaka 1871.

Lakini sitaki mseme namchora malaika. Mwaka 1866 Prussia ilivyoitandika Austria, Bismarck akarudi bungeni akaomba wamhalalishie ile miaka minne ya kutumia hela bila ruhusa, na watu wengi wakalainika, si unajua mtu akishinda vita. Lasker naye akawa upande wa kumsamehe. Akatoka kwenye chama chake cha wenye msimamo mkali, akashiriki kuanzisha kile cha Waliberali wa Kitaifa mwaka 1867, wapiga kura wa Berlin wakamnyima kiti wakabaki na chama cha zamani, kwa hiyo baada ya hapo akawa anawakilisha Magdeburg, baadae Frankfurt, na kwenye bunge kubwa la Ujerumani akawa mbunge wa Meiningen mpaka anakufa. Na mwaka 1878 ile sheria ya kuwapiga marufuku wasoshalisti, mara ya kwanza aliikataa, ilivyorudi mara ya pili akaipitisha kwa sharti la kuiwekea muda. Muda ukawa unaongezwa tu, ikaja kufa 1890 yeye mwenyewe ameshazikwa. Mimi hapo namlaumu, na nilimwambia mpwa wangu, akanijibu, "Mjomba wewe ulivyokuwa kazini kila kitu ulikataa?" Nikanyamaza.

Sasa tuje kwenye reli.

Ujerumani baada ya kuipiga Ufaransa 1870 na 1871 ililipwa fidia faranga bilioni 5. Hela zikamwagika mjini, kila mtu anaanzisha kampuni, anayetaka kuwa tajiri anatafuta kibali cha kujenga reli. Mfalme wa biashara hiyo alikuwa Bethel Henry Strousberg, na mchezo wake kwa sisi tuliofanya kazi reli unaeleweka vizuri sana. Sheria ya reli ya Prussia ya 1838 ilitaka hisa za kampuni zilipiwe kwa thamani yake kamili. Wenye hela walikuwa hawataki kutoa kamili. Basi inaundwa kampuni, anapewa kazi mkandarasi mmoja ajenge kila kitu, ila halipwi pesa taslimu, analipwa hisa. Kwenye karatasi hisa zimelipiwa zote, sheria imetimia. Mkandarasi anazipeleka sokoni, tuseme hisa ya mia anaiuza sabini, na kwa vile anajua toka mwanzo atapata sabini, bei ya kazi anaipandisha mapema, na palipobaki pengo analipunguza kwenye kazi yenyewe. Kokoto kidogo, mataruma ya mbao mbovu, madaraja ya kubahatisha. Niwaambieni kitu, tuta likiwa na kokoto pungufu huhitaji mhandisi akwambie, kaa kwenye behewa la mwisho, chai yako itakwambia. Kikombe kinatembea chenyewe mezani.

Ila hisa za kuuza huwezi kuwa nazo kama huna kibali, na kibali kiko wizarani, na wizarani kuna watu. Waliokuwa wanapata vibali ni mabwana wakubwa, kuna mwanamfalme wa Putbus alipata reli ya kaskazini, na kuna Hermann Wagener alipata reli ya kati ya Pommern, ile ya kutoka Wangerin kwenda Konitz. Wagener huyu Ndugu Mhariri ni mwenzako, alikuwa mhariri wa kwanza wa gazeti kubwa la wahafidhina wa Prussia lililoanza 1848, alafu akawa mtu wa karibu wa Bismarck ofisini kabisa, mshauri wa serikali. Mtu anayekaa chumba cha jirani na mkubwa wa nchi anaomba tenda serikalini, hebu niambieni ni karani gani atamwambia rudi kesho.

Lasker alianza kuligusa Januari 1873, ila siku yenyewe ni tarehe 7 Februari 1873, kwenye bunge la Prussia. Alisimama na makaratasi. Hakuja na tetesi, alikuja na nyaraka za kampuni, nani kapewa kibali, hisa zimeandikwa kwa nani, hela imepita wapi, akataja majina, Wagener akamtaja, Putbus akamtaja, wizara ya biashara akaivua nguo. Na si kwamba alikuwa anapiga mahasimu peke yao, maana kwenye kampuni za wakati ule hata waliberali wenzake walikuwa wamejaa, chama chake kilibaki kinajikuna kichwa. Mfalme ikabidi aunde tume ya uchunguzi mwezi huohuo. Waziri wa biashara, Itzenplitz, mwezi Mei hayupo. Wagener naye akaondoka serikalini. Mei hiyohiyo soko la hisa la Vienna likaanguka, na kufika vuli mabenki ya Berlin yakaanza kudondoka, na 1875 Strousberg mwenyewe akafilisika.

Hii sehemu ndo niliyomrudisha mpwa wangu anisomee mara tatu. Mimi nimewahi kukaa kwenye ofisi ambayo mzigo umeandikwa umefika na mimi kwa macho yangu naona behewa tupu, na nikagonga muhuri, kwa sababu aliyesaini juu yangu alikuwa mkubwa na nilikuwa na watoto wanne wanasoma. Sitaji ofisi wala mwaka. Ila nilivyosikia kuna mtu wa miaka 43, hana mke wala mali, Myahudi kwenye nchi ambayo wengi wanamtafutia sababu, anasimama anasoma namba mojamoja huku mtu wa Bismarck anasikiliza, nilikaa kimya kidogo kwenye simu mpaka mpwa wangu akadhani mtandao umekata.

Na shukrani aliyopata ni kwamba uchumi ulivyoanguka wale wachochezi wa chuki wakasema ni Wayahudi wameiba hela za Wajerumani. Strousberg kweli alizaliwa Myahudi, wakamshika huyohuyo wakamzungusha nchi nzima kama mfano, wakasahau kabisa aliyefumua mchezo mzima ni Myahudi vilevile, na kati ya waliofumuliwa wapo mabwana wa Kikristo wenye vyeo na mashamba.

Kazi yake ya sheria nitaipitia haraka maana haina stori ya kusisimua lakini ndo kubwa kuliko zote. Ujerumani ilivyoungana 1871 kila jimbo lilikuwa na sheria zake za madai, ukivuka mto mkataba wako unasomwa vingine. Lasker na mwenzake Johannes Miquel walipeleka hoja mara nyingi mpaka Desemba 1873 katiba ikabadilishwa, bunge la nchi nzima likapata mamlaka ya kutunga sheria moja ya madai. Zikaja sheria za mahakama na mienendo ya kesi za 1877, humo alifanya kazi mpaka usiku wa manane, na ile sheria kuu yenyewe ya madai ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1900. Wanaitumia mpaka leo, imerekebishwa lakini ni ileile.

Sasa ile chuki. Mwaka 1879 Bismarck aligeuka, akaleta ushuru kwenye nafaka, chuma na mbao zinazotoka nje, na yeye mwenyewe alikuwa na mashamba na misitu kule Varzin na Friedrichsruh. Lasker akasimama akasema hii ni sera ya fedha ya wenye mali. Mkate wa maskini unapanda bei ili shamba la bwana lipate faida. Bismarck akanyanyuka tarehe 8 Mei 1879, akajibu kwamba basi na ya Lasker ni sera ya fedha ya asiye na mali, yeye ni katika wale ambao Maandiko yamesema hawapandi wala hawavuni, hawafumi wala hawasokoti, na bado wamevaa. Mnaona hiyo? Kachukua maneno ya Yesu ya ndege na maua ya kondeni, maneno ya kumfariji maskini, kayageuza tusi la kumpiga mtu asiye na shamba. Msikitini kwetu au kanisani kwenu mtu akifanya hivyo kwenye Kitabu atakohozewa. Mle bungeni waliokuwa na mashamba walifurahi.

Mwaka huo 1879 Lasker akapoteza kiti chake cha bunge la Prussia. Mwaka uliofuata akajitoa kwenye chama alichokianzisha mwenyewe, yeye na wenzake kina Ludwig Bamberger. Afya ikawa imeisha, alikuwa amejibebesha kazi ya watu kumi. Mwaka 1883 akasafiri kwenda Marekani kupumzika, alikuwa na mdogo wake kule Galveston, Texas, anaitwa Morris, amefanikiwa kibiashara. Akazunguka nchi, na tarehe 5 Januari 1884 akafa ghafla New York. Miaka 54.

Hapa ndo pale nilipowaahidi. Tarehe 9 Januari mbunge wa eneo la Galveston, Thomas Ochiltree, akapeleka azimio la rambirambi kwenye Baraza la Wawakilishi la Marekani, likapita. Lilikuwa linasema msiba huu si wa watu wa nchi yake peke yao, ni wa wapenda uhuru duniani kote, na kwamba msimamo wake wa mawazo huru umeinua hali ya watu wake. Rambirambi ya kawaida tu, ya kiungwana. Balozi wa Marekani Berlin, Aaron Sargent, akaipeleka wizara ya mambo ya nje aombe ifikishwe kwa spika wa bunge la Ujerumani. Bismarck akaikataa. Akairudisha Washington kama barua iliyokosewa anwani, kwa hoja kwamba hawezi kuwa tarishi wa maneno yanayosifu siasa ambazo yeye amezipinga maisha yake yote. Mwezi wa 3 akaenda mwenyewe bungeni kujitetea kwa nini amekataa. Magazeti ya nchi mbili yakachachamaa, Sargent kazi ikawa ngumu, mwaka huohuo akaondoka Berlin.

Nimelelewa kwenye mila kwamba mtu akifa ugomvi unasimama, hata adui yako unaenda unakaa kwenye turubai nusu saa, unatoa mkono, unarudi. Sasa mtu aliyeunganisha nchi nzima anashindwa kupokea karatasi moja ya pole!

Na angalieni mwaka. Lasker kafa Januari 1884. Novemba 1884 Bismarck huyohuyo anafungua mkutano wa Berlin wa kuigawana Afrika, na mwezi huohuo Carl Peters, Mjerumani mtafuta makoloni, anatua Zanzibar kwenda kuwasainisha watu karatasi kule Usagara na Uzigua. Mkutano unafungwa tarehe 26 Februari 1885, kesho yake tarehe 27 hati ya ulinzi inatoka kwa kampuni ya Peters, na sisi tushakuwa mali. Rambirambi ya mtu hakuipokea, mikataba ya Peters iliyowekwa vidole na watu wasiojua Kijerumani ikapokelewa. Bamberger, ambaye alifariki 1899 akazikwa pamoja na Lasker pale Schönhauser Allee, ndo aliyeongoza wabunge 1880 kukataa hela alizoomba Bismarck kwa ajili ya Samoa, vile visiwa vya Pasifiki, na hayo makoloni aliendelea kuyapinga. Msidhani walitupenda sana, hoja yao kubwa ilikuwa gharama na biashara huria, lakini walipinga, na walipinga kwa sauti bungeni, kwa hiyo ile "Mjerumani yeyote" ya mwandishi wenu ifutwe.

Sidai jiwe libadilishwe jina, hilo watajua wenyewe, wavuvi wa pale chini wana shughuli zao na watalii wanapiga picha. Ninachoomba ni marekebisho kidogo ukurasa wa pili mnakowekaga masahihisho, mistari mitatu inatosha, na mkiweza siku moja mwandishi wenu aandike na upande wa pili. Mpwa wangu anasema Wayahudi hawaweki maua kaburini, wanaweka kijiwe, naye akaokota kokoto njiani akaiweka pale juu ya Lasker kwa niaba yangu. Picha ninayo kwenye simu, kokoto inaonekana upande wa kushoto. Mkiitaka nitawatumia.

Wasalaam,
Mstaafu wa reli, Mwanza